Jirani Atoe Sababu, Waziri Asitoe?

Katika kurasa za ndani za magazeti yetu ya kila siku, pale penye matangazo ya minada, ya mirathi na ya hati za viwanja zilizopotea, hutokea mara kwa mara tangazo fupi lisilo na mapambo. Linataja jina la mtu na mahali anapokaa, pengine Tandika, pengine Mwananyamala, na kueleza kwamba mtu huyo anaomba uraia wa Tanzania kwa njia ya tajnisi. Kisha hufuata sentensi ambayo wengi huiruka: yeyote anayejua sababu ya mtu huyu kutopewa uraia, na aiandike, atie saini yake, aipeleke kwa wakuu wa Uhamiaji. Mwombaji mwenyewe ndiye anayelitoa tangazo hilo, naye hulitoa mara mbili.

Sina ugomvi na sentensi hiyo. Kila nikiisoma naiona ni ya haki. Jirani hawezi kusema tu kwamba hampendi Fulani, au kwamba Fulani ana kiburi na redio yake inapiga kelele usiku. Anatakiwa alete hoja, na chini ya hoja aweke jina lake. Ndivyo watu waungwana wanavyoshtakiana.

Sasa tuifungue Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, twende kwenye kifungu cha 23. Humo imeandikwa kwamba Waziri halazimiki kutoa sababu yoyote ya kulikubali au kulikataa ombi ambalo uamuzi wake umewekwa katika hiari yake. Kwamba uamuzi wake ni wa mwisho. Na kwamba mahakama yoyote isiuchunguze. Muuza genge wa Tandika akimpinga jirani yake anadaiwa sababu na saini. Waziri, mwenye wizara nzima ya watumishi, mafaili na wanasheria, hadaiwi hata mstari mmoja. Ni juu ya mstari huo mmoja usiodaiwa ndipo ninapotaka kusema, na nitausema kwa kupitia miaka ya Korona, kwa kuwa miaka ile ilitufundisha sisi raia jambo ambalo waombaji walikuwa wakilijua zamani.

Tumfikirie mtu mmoja, maana sheria ikisomwa bila mtu ndani yake huwa kama nyumba isiyokaliwa. Ni Mngazija, mfanyabiashara, anayekaa Mtoni katika Temeke. Vibali vyake vya ukaazi vimekuwa vikihuishwa mwaka baada ya mwaka. Mkewe ni Mtanzania wa Mbagala. Angekuwa yeye ndiye mwanamke, na mwenzake ndiye mume raia, kifungu cha 11 kingempa njia ya kuomba kwa ajili ya ndoa hiyo. Lakini njia hiyo imeandikwa kwa mwanamke aliyeolewa na raia. Mwanamume aliyeoa raia haimo. Ndoa ni moja, nikaha ni moja, kadhi ni mmoja, na sheria inaiona upande mmoja tu. Kwa hiyo Mngazija wetu hana budi kuingia mlango mkuu. Awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa kwa jumla isiyopungua miaka 7. Awe na tabia njema. Awe amechangia, au ataweza kuchangia, ustawi wa nchi katika uchumi, sayansi, ufundi au utamaduni. Awe na nia ya kuendelea kukaa. Na awe anajua Kiswahili au Kiingereza kwa kadiri ya kutosha.

Jambo lake huanzia mtaani, likapanda kwenye kata, wilaya na mkoa, hadi makao makuu na kwa Waziri. Kila ngazi ina meza yake, na kila meza ina "njoo kesho" yake. Wanaoijua barabara ya Kilwa saa 1 asubuhi wanajua gharama ya kesho moja.

Hapo penye sharti la Kiswahili nawaomba wapenzi wa ushairi tusipite haraka. Lugha ni miongoni mwa funguo za mlango huu, na si jambo dogo kwamba taifa limeitaja katika sheria yake. Lakini katika maisha ya vitongojini lugha hiyohiyo ndiyo mtego. Sheria inauliza kama mtu anajua Kiswahili. Masikio ya mezani yanauliza Kiswahili cha wapi. Mngazija wetu anazungumza lugha ambayo ni binamu wa Kiswahili, na akisema Kiswahili chetu, lafudhi ya visiwani kwao haimtoki. Mkongo wa Kinondoni anasema Kiswahili alichonyonya kwa mama yake Bukavu au Uvira, nacho kina mipangilio yake na utamu wake. Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma hali kadhalika. Kipimo kilichowekwa ili kiwaingize watu kinageuka kuwa ushahidi kwamba si wenzetu. Na tusidhani hatari hiyo ni ya wageni peke yao. Mzee wa Makunduchi akinena Kikae chake safi katika ofisi ya bara, sina hakika kama atatoka bila ya kuulizwa baba yake alizaliwa wapi.

Lau fasihi yetu ingalipimwa kwa kipimo hicho, rafu za vitabu zingebaki na mapengo mengi. Abdilatif Abdalla, mwana wa Mombasa, alipotoka katika kifungo cha Kenya mwaka 1972 alikuja Dar es Salaam, akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili hadi 1979, na mashairi yake ya gerezani, *Sauti ya Dhiki*, yalichapishwa mwaka 1973 akiwa mgeni wetu. Hakuna aliyesema Kimvita chake hakitoshi. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, akafika Dar es Salaam mwaka 1978, na alipofariki Desemba 2010 alikwisha kuacha jina lake juu ya kituo cha daladala: mpaka leo kondakta hupaaza "Sinza kwa Remmy" bila ya kufikiri kwamba anataja kwao Kindu. Tena mtu huyo ndiye aliyetunga wimbo wa *Mambo kwa Soksi* wakati wa ukimwi, kuwaambia watu kwa maneno ya mitaani wajikinge, na redio ya taifa haikutaka kuupiga. Basi katika janga moja sauti iliyothubutu kusema ilitoka kwa mhamiaji, na ukimya ulikuwa wa wenyeji.

Kuna na wale wasiopaswa hata kuwa katika foleni. Kifungu cha 5 cha Sheria hiyo ya 1995, ukikisoma kilivyoandikwa, kinamtambua kuwa raia mtu aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano, isipokuwa mtoto wa mwanadiplomasia au wa adui aliyeikalia nchi. Utendaji wa serikali, hata hivyo, umekuwa ukidai kwamba mzazi mmoja awe raia. Maandishi yanataja ardhi, ofisi inataja damu. Kijana aliyezaliwa Keko na kuzikia wazee wake Keko anaambiwa akaombe kama mgeni aliyeshuka jana bandarini, na akikataliwa kwa hiari ya Waziri hana pa kuuliza.

Haya yote yalikuwapo kabla ya maradhi. Tarehe 16 Machi 2020 ikatangazwa habari ya mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini. Kesho yake shule zikafungwa. Tarehe 11 Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, zikaruhusiwa tena tarehe 18 Mei. Jirani zetu walifunga zaidi: Rwanda, Burundi na Uganda tangu Machi, na Kenya ikauzuia mpaka wake nasi kwa wasafiri tarehe 16 Mei, malori ya mizigo yakiachwa. Sisi hatukufungiwa majumbani. Daladala za Mbagala ziliendelea kujaa hadi mlangoni, na hewa iliyokuwa ndani yake ilikuwa moja kwa raia na kwa asiye raia.

Mwombaji wetu wa Mtoni alikuwa katika hali ya pekee. Karatasi za kwao ziko Moroni. Kama alihitaji cheti au uthibitisho wowote kutoka huko, hapakuwa na ndege ya kumletea. Na kama mauti yalikuwa yamemwita kwao Machi ile kumzika mzazi, akakwama huko, miezi yake 12 ya mfululizo ilikuwa imekatika, na kulegezewa au kutolegezewa ni hiari ileile ya kiti kilekile. Kibali cha ukaazi nacho kina tarehe yake ya kwisha, na tarehe haingoji anga ifunguke. Ninachokisema hapa ni hesabu ya kawaida: sheria inayohesabu siku za mtu ilikutana na mwaka ambao siku hazikuwa mikononi mwa mtu yeyote.

Lakini lililo kubwa zaidi lilitupata sisi. Mwaka ule wa 2020 hesabu rasmi ilifika wagonjwa 509 na vifo 21. Baada ya hapo hesabu zikakoma. Juni tukaambiwa maradhi yameondoka, na tarehe 29 mwezi huo shule zote zikawa wazi. Misiba haikukoma. Watu walizikana kwa haraka, na vyeti vikataja shida ya kupumua. Ukiuliza ni wangapi, hapakuwa na wa kukujibu. Ukiuliza kwa nini hapajibiwi, swali lenyewe likawa kosa. Katiba yetu, ibara ya 18 kama ilivyorekebishwa mwaka 2005, inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa juu ya mambo muhimu kwa maisha. Haki hiyo ilikaa kitabuni zaidi ya mwaka mzima.

Nathubutu kusema kwamba katika mwaka ule sote tuligeuzwa waombaji. Mtu alikaa chini ya uamuzi mzito uliogusa pumzi yake na ya watoto wake, uamuzi uliofanywa mahali asipopaona, bila ya kuelezwa sababu, bila ya mlango wa kwenda kuuliza. Raia wa Kinondoni aliionja hali hiyo kwa mwaka na miezi michache akaiona chungu. Jirani yake wa nyumba ya uani, mwenye faili lake Uhamiaji, alikuwa ameila miaka kumi.

Ukimya ule hapa visiwani tunajua ulivunjwaje. Mwisho wa Januari 2021 chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza wazi kwamba Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ana Korona, na tarehe 17 Februari akafariki. Haikuwezekana tena kunong'ona. Mwezi mmoja baadaye nchi ikampoteza Rais Magufuli. Aprili 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akasema ataunda kamati ya wataalamu, taarifa zikaanza kurudi, na tarehe 28 Julai akachanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam. Kwa upande wa maradhi, serikali ilirudi kusema na watu wake, na wengi wetu tulishusha pumzi.

Mwombaji wa uraia hakushusha pumzi yoyote. Kifungu cha 23 kiliuvuka mwaka wa maradhi bila ya homa. Tena wakati sisi tumeshughulika na malimau na mafusho, mlango mwingine ulifungwa. Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo Arusha, ilikuwa imeamua shauri la mtu wa Babati aliyenyang'anywa hati yake ya kusafiria, akafukuzwa nchini, akafukuzwa tena Kenya, akaishia kukaa katikati ya mipaka miwili. Mahakama ilisema kwamba serikali ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha kwamba mtu huyo si raia, na ikaiagiza Tanzania irekebishe sheria yake ili mtu apate njia ya mahakama katika mgogoro wa uraia. Novemba 2019 Tanzania ikalifuta tamko lililowaruhusu watu binafsi kwenda moja kwa moja katika mahakama hiyo, na kufutwa huko kukaanza kazi tarehe 22 Novemba 2020. Mahakama iko Arusha, mwendo wa basi la siku moja kutoka Ubungo, na mkaazi wa Temeke hawezi kuifikia.

Najua nitajibiwa kwamba Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizotoa uraia kwa mkono mkunjufu zaidi Afrika. Ni kweli, nami najivunia. Mwaka 1980 wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000 walipewa uraia. Baadaye wakafuata Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, zaidi ya 162,000 wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Lakini itazame hiyo ya pili kwa karibu. Uamuzi ulitangazwa mwaka 2010, baada ya watu kutakiwa waukane uraia wa Burundi. Vyeti vyao vikaanza kugawiwa Oktoba 2014. Miaka minne watu hao walikaa wameacha kwao na hawajakabidhiwa kwetu. Aliyepewa kwa fadhila hana pa kusimama fadhila ikichelewa. Watu laki moja na nusu walifika kwa sababu serikali ilitaka wafike. Yule mmoja wa Mtoni, asiye na shirika la Umoja wa Mataifa nyuma yake, anabaki na hiari ya mtu.

Nitajibiwa pia kwa neno "usalama". Sikatai kwamba zipo taarifa ambazo dola haiwezi kuzianika gazetini. Lakini kutozianika gazetini ni jambo moja, na kutomwambia muhusika wala jaji faraghani ni jambo jingine. Tena silaha isiyohojiwa haichagui shabaha. Februari 2001 Jenerali Ulimwengu, mwandishi na aliyekuwa mbunge, aliambiwa si raia, pamoja na Balozi Timothy Bandora, Anatoli Amani na Moudline Castico wa hapa Zanzibar. Castico huyo baadaye akawa waziri katika Serikali ya Mapinduzi. Julai 2019 mwandishi Erick Kabendera alipokamatwa, jambo la kwanza tuliloambiwa ni kwamba anahojiwa juu ya uraia wake. Waliokuwa hawajali habari za waombaji wa Temeke wakastuka kukuta mashine ileile ikiwasaga watu wa ukumbini.

Tuvuke mpaka kidogo, maana huko tuna damu yetu. Wapemba waliokwenda na madau yao Kenya, wakakaa Kwale na Kilifi vizazi kadhaa wakivua bila ya vitambulisho, walitambuliwa na serikali ya Kenya Januari 2023 kuwa jamii miongoni mwa jamii za nchi ile. Visiwani tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Kabla yao, Julai 2021, katikati ya Korona, Washona wa Kenya walikabidhiwa vyeti vyao vya uraia. Kenya si malaika. Watu wa Pwani yake wanayakumbuka mahojiano ya vitambulisho, mtu akidaiwa karatasi za babu aliyezaliwa kabla ya karatasi. Hata hivyo Katiba yao ya 2010, ibara ya 47, inampa aliyeguswa na uamuzi wa serikali haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwa maandishi, kama yule muuza genge wetu wa Tandika.

Na Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948, alipopewa Nobeli ya fasihi, wangapi kati yetu hatukumwita mwenzetu? Sheria yetu isiyoruhusu uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima ilikuwa na jibu lake, nasi hatukulisikiliza, kwa kuwa tulikuwa na sababu: tulitaja alikozaliwa, lugha aliyoisikia kwanza, bahari iliyomo katika vitabu vyake. Mtu aliyeondoka tulimtafutia sababu kumi za kuwa wetu. Aliyekuja tunashindwa kumpa moja ya kutokuwa.

Ninachokidai si kikubwa. Ibara ya 13 ya Katiba yetu wenyewe, katika kifungu chake kidogo cha 6, inaposema haki ya kusikilizwa na ya kukata rufaa, inamtaja mtu yeyote, haikumtaja raia. Kifungu cha 23 kiguswe mahali pawili: Waziri anapokataa aandike kwa nini, na mwenye kukataliwa aweze kuipeleka barua hiyo mbele ya jaji. Kifungu cha 11 kimhesabu na mume, kama kinavyomhesabu mke. Muda uliopotea kwa sababu ya mipaka iliyofungwa mwaka 2020 usihesabiwe dhidi ya mtu, wala usiachwe kuwa jambo la kuombewa huruma. Bunge hubadilisha sheria nzito kuliko hizi katika mkutano mmoja. Na kama wabunge wataona ni mzigo mkubwa mno kumtaka Waziri aandike sababu na kuitia saini, basi walifute na lile sharti la gazetini, ili jirani wa Tandika naye asimame mbele ya meza ya Uhamiaji, aseme "simtaki", na aondoke zake bila ya kuulizwa neno.